Je, Wajua Kwa Nini Mungu wa Puri Huugua Homa Kila Mwaka?

Ukifika katika mji wa Puri, pwani ya mashariki ya India, majuma mawili hivi kabla ya sikukuu kubwa ya magari, utakuta watu wametoka mbali kuja kumwona mungu wao na wanaambiwa haonekani: anaumwa. Wala si mafumbo. Jagannath ana homa, yuko mapumzikoni, anapewa dawa za mizizi, na wali wake wa kila siku umesitishwa hadi apate nafuu. Kwa sasa analishwa matunda. Akishapona atapanda gari la mbao lenye magurudumu 16 aende kwa mama yake mdogo, na watu kwa mamia ya maelfu watalikokota gari hilo kwa mikono yao.

Aliyekulia msikitini au kanisani lazima aulize: mungu gani huyo anayeshikwa na homa?

Jagannath ni sura mojawapo ya Krishna, mungu mashuhuri wa Wahindu, naye hakai peke yake. Pembeni yuko kaka yake Balabhadra, na katikati yao dada yao mdogo, Subhadra. Wote wamechongwa kwa mwarobaini, mti huu huu tunaouchemsha nyumbani mtu akipandwa na homa. Wana vichwa vikubwa na macho ya mviringo yaliyokodoa, mikono imekatikia njiani, masikio hakuna, miguu hakuna. Masimulizi yanasema mfalme Indradyumna alimpa kazi hiyo seremala mzee, naye akaweka sharti moja tu: afungiwe ndani siku 21, mtu asifungue mlango. Siku zikapita, kisha sauti ya patasi ikanyamaza. Malkia Gundicha akaingiwa na hofu kwamba mzee amefia humo. Mlango ukafunguliwa kabla ya wakati, seremala hayupo, sanamu hazijakamilika. Zikabaki vivyo hivyo, na mpaka leo zikichongwa mpya hazimaliziwi.

Ufunguo wa mambo yote ni kwamba Mhindu wa Puri haangalii sanamu hizo kama ukumbusho wa mungu aliyeko mbali. Anayekaa pale ni mwenye nyumba. Asubuhi huamshwa, hupigishwa mswaki, huogeshwa, huvishwa, hulishwa mara kadhaa, na usiku hulazwa. Ukishalikubali hilo, mengine yanakuja yenyewe. Mwenye nyumba huoga, huchoka, huugua, hutembelea jamaa, na hugombana na mkewe.

Homa inatokana na kuoga. Siku ya mwezi mpevu wa mwezi wa Jyeshtha, kwa kawaida mnamo Juni, ndugu hao watatu hutolewa hadharani na kuwekwa juu ya jukwaa la mawe, wakamwagiwa mitungi 108 ya maji yenye sandali na manukato: 35 ya Jagannath, 33 ya Balabhadra, 22 ya Subhadra, na 18 ya Sudarshana, kigogo cha mbao kinachowakilisha silaha ya mungu Vishnu. Maji mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja! Jioni wanaingizwa ndani wakiwa wagonjwa. Mchunguzi mwenye macho makavu atakwambia sababu nyingine: maji hayo huondoa rangi, na siku hizo za kufichwa ndizo za kuzipaka sanamu upya. Yote mawili ni kweli, na sioni kwa nini moja lilifukuze jingine.

Wanaomuuguza si makuhani Wabrahmani, watu wa tabaka la juu. Ni Daitapati, ukoo unaohesabiwa kuwa kizazi cha Vishvavasu, mkuu wa kabila la Wasavara wa msituni, ambaye masimulizi yanasema ndiye aliyekuwa akimwabudu mungu huyu kwa siri kabla mfalme yeyote hajamsikia. Kwa hiyo mungu akiugua hukabidhiwa kwa watu wa damu yake. Humpaka mafuta ya ufuta yaliyolowekwa maua na kufukiwa ardhini mwaka mzima, na kumpa vidonge vya mizizi ya aina 10. Watafiti wengi huona hapa alama ya historia: mungu wa gogo wa watu wa msituni, aliyeingizwa polepole katika dini ya wafalme bila kukatwa undugu na watu wake wa mwanzo.

Wakati mgonjwa anauguzwa, nje nyundo zinalia. Magari matatu hujengwa upya kila mwaka. Kazi huanza siku ya Akshaya Tritiya, Aprili au Mei, na mafundi ni wa koo zilizorithishana ujenzi huo. Nandighosha la Jagannath lina magurudumu 16, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, na vitambaa vyekundu na vya manjano. Taladhwaja la Balabhadra lina magurudumu 14, Darpadalana la Subhadra 12. Gurudumu moja linampita mtu mzima kimo. Sikukuu ikiisha magari hubomolewa, na mbao nyingi huishia jikoni mwa hekalu, ambamo vyungu vya udongo hupangwa kimoja juu ya kingine juu ya moto wa kuni na kulisha maelfu ya watu kwa siku.

Siku yenyewe, ya pili ya mwezi mwandamo wa Ashadha, Juni au Julai, sanamu hutolewa zikiyumbishwa hatua kwa hatua, kilemba cha maua kikiruka juu ya kichwa cha Jagannath, huku matasa yakigongwa na makombe ya baharini yakipulizwa. Kisha linakuja jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha sikukuu nzima. Mfalme wa Puri, mwenye cheo cha Gajapati, anafika akiwa amevaa nyeupe, anapanda gari moja baada ya jingine, na kufagia. Ufagio una mpini wa dhahabu, lakini ufagio ni ufagio, na katika jamii ya matabaka kazi ya kufagia ilikuwa ya watu wa chini kabisa. Ananyunyiza maji ya sandali, anafagia sakafu kuizunguka sanamu, anashuka.

Kuna kisa maarufu juu ya ufagio huo. Mfalme Purushottama Deva, wa karne ya 15, alimposa Padmavati, binti wa mfalme wa Kanchi huko kusini. Baba mtu akakataa: siwezi kumwoza binti yangu kwa mfagiaji. Vita vikapiganwa, Kanchi ikashindwa, binti akatekwa. Purushottama, bado ana donge, akamwamuru waziri wake amtafutie binti huyo mfagiaji wa kumwoa. Waziri akasubiri mpaka siku ya magari. Mfalme alipokuwa juu, ufagio mkononi, akamsogeza Padmavati mbele na kusema: mfagiaji uliyeagiza ndiye huyu.

Mfalme akishafagia, ndipo kamba za magari hukamatwa. Ni kamba nene za makumbi ya nazi, na yeyote anaruhusiwa kuvuta. Gari halina breki. Husimamishwa kwa kuwekewa magogo mbele ya magurudumu. Zamani mwita-gari, anayeitwa dahuka, alisimama mbele akighani mashairi ya matusi matupu kuwachangamsha wavutaji, na iliaminika bila hayo gari haling'oki. Wenzetu wa pwani wanaojua nyimbo za unyago hawatashangaa. Siku hizi ndimi zimefungwa kidogo. Safari yenyewe ni kilomita 3 hivi kwa barabara pana iitwayo Bada Danda, mpaka hekalu la Gundicha, linalohesabiwa kuwa nyumba ya mama mdogo.

Sasa, kwa nini atoke? Kwa sababu hekaluni si kila mtu huingia. Asiye Mhindu haruhusiwa mpaka leo, na zamani hata Wahindu wa matabaka ya chini waliishia mlangoni. Mwaka 1984 Indira Gandhi, waziri mkuu wa nchi, alikataliwa kuingia kwa sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa dini ya Zoroasta. Lakini barabarani hakuna bawabu. Mungu ambaye hukumfikia, siku hiyo yeye ndiye anayekuja ulipo.

Ushahidi mzuri uko njiani. Gari la Jagannath husimama mbele ya kaburi la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17, mwana wa ofisa wa Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala India. Alimpenda Jagannath na kumtungia nyimbo ambazo bado zinaimbwa Odisha, jimbo ulimo mji wa Puri, ila mlango wa hekalu hakuuvuka. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja aliugua akiwa mbali, akaomba asubiriwe. Gari likagoma kusogea, watu wakavuta mpaka wakachoka, likaondoka yeye alipofika.

Desturi hiyo imesafiri. Ahmedabad, jiji kubwa la Gujarati, ina maandamano yake ya magari tangu 1878, na kwa kuwa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarati, wapo wazee wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoijua sikukuu hii kwa njia ya huko kuliko ya Puri. Wafuasi wa Hare Krishna, jumuiya ya waabudu Krishna, nao hulikokota gari la Jagannath katika miji mingi duniani, Nairobi ikiwemo.

Turudi Puri, maana kuna mtu amesahauliwa. Jagannath amemchukua kaka, amemchukua dada, mke wake Lakshmi kamwacha nyumbani. Wifi kwenye gari, mke jikoni! Siku ya tano Lakshmi anakuja kwa machela hadi Gundicha kumtafuta mumewe. Wahudumu wa upande wa mume wanamfungia mlango. Anapewa shada la maua kama ahadi kwamba bwana atarudi, lakini hasira haijashuka: anajibanza nyuma ya mkwaju, anaagiza mtumishi wake avunje kipande cha gari la Nandighosha, kisha anarejea kwake kwa uchochoro ili asionekane. Haya yote hufanyika kweli, kwa sanamu na wahudumu, mbele za watu, na kipande cha mbao huvunjwa kweli.

Baada ya siku kama 9 magari hugeuzwa. Njiani Jagannath husimama kwenye hekalu dogo la Mausi Maa, jina lenye maana hiyo hiyo ya mama mdogo, na kuandaliwa poda pitha, mkate wa mchele, nazi na sukari guru uliookwa taratibu. Mbele ya lango kuu huvishwa dhahabu, akaonwa na umati akiwa bado juu ya gari. Usiku wa kuingia ndani, Balabhadra na Subhadra wanapita. Zamu ya Jagannath ikifika, mlango unafungwa usoni pake. Ni Lakshmi. Pale pale panazuka majibizano, upande mmoja ukimsemea mke na mwingine mume: ulikuwa wapi, kwa nini hukunichukua, rudi ulikotoka. Mume anabembeleza, anaahidi, na mwisho anatoa rasagola, vitufe vyeupe vya maziwa yaliyogandishwa vinavyoelea katika shira. Lakshmi anakula, mlango unafunguliwa.

Kwa rasagola hiyo watu wa Odisha hawana mzaha. Wenzao wa West Bengal, jimbo jirani, hudai utamu huo ni wao, na mwaka 2017 walipata hati ya serikali ya kulinda jina la rasagola ya Bengali. Odisha wakaja na hoja kwamba mungu wao huitoa mlangoni kila mwaka, na mwaka 2019 wakapewa hati yao.