Je, wajua kompyuta hutambuaje sumu ya dawa kabla mtu hajaimeza?

Katika duka moja la dawa mtaa wa Langoni, Lamu, mzee alikunjua ile karatasi nyembamba inayokaa ndani ya pakiti, akaisoma mpaka macho yakachoka. "Mwanangu, maonyo yote haya waliyajuaje? Kuna watu walimezeshwa mpaka wakadhurika?" Binti muuza dawa akamjibu, "Mengine ndiyo, babu. Mengine siku hizi hujulikana kwenye kompyuta, hata dawa yenyewe haijatengenezwa."

Binti alisema kweli. Ila kompyuta haina ini wala moyo. Kinachoingizwa ndani yake ni umbo la molekuli lililoandikwa kwa herufi. Parasetamoli, kwa mfano, huandikwa hivi: CC(=O)Nc1ccc(O)cc1. C ni kaboni, N ni naitrojeni, O ni oksijeni. Zile c ndogo sita, zikianzia na kuishia kwenye tarakimu 1, ni kaboni zilizoshikana zikafanya pete. Kimstari hicho ndicho programu inachosoma.

Baada ya kukisoma, hutafuta vipande vyenye sifa mbaya. Mvuvi wa Lamu hamwonji bunju ndipo ajue ana sumu; humjua kwa umbile lake, maana waliomtangulia walishaona yaliyowapata walaji. Programu nazo hutegemea kumbukumbu za namna hiyo. Baadhi zimeandikiwa kanuni na wanakemia wenyewe, kama Derek, iliyokuzwa Leeds, Uingereza. Nyingine hulishwa matokeo ya maelfu ya kemikali, kisha zitafute zenyewe uhusiano kati ya umbo na madhara. Mradi wa Marekani uitwao Tox21 ulipima kemikali zipatazo 10,000 kwa kutumia roboti, na matokeo yakawekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuifundisha kompyuta yake.

Turudi kwenye parasetamoli. Sehemu ndogo ya kila kidonge hugeuzwa na ini kuwa kitu kikali kiitwacho NAPQI. Kwa kipimo cha kawaida ini lina akiba ya kutosha ya glutathioni, kemikali ya mwili inayokizima. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidisha mno, akiba ile huisha na ini huanza kuharibika.

Amodiakwini, dawa ya malaria, ina kipande kinachofanana na cha parasetamoli, nacho ini huweza kukigeuza kuwa kitu kikali cha namna hiyo. Miaka ya 1980, baadhi ya wasafiri walioinywa wiki baada ya wiki ili kujikinga walipata madhara makubwa: wengine ini liliumia, wengine chembe nyeupe za damu ziliporomoka, na wako waliokufa. Ikaachwa kama kinga, ingawa mpaka leo hutumika kwa siku tatu pamoja na dawa nyingine kutibu malaria. Baadaye wanakemia wa Liverpool walibadilishanisha nafasi za vipande viwili tu vya molekuli hiyo, ili ini lisiweze kuzalisha kitu kikali hicho. Hiyo ndiyo kazi inayonivutia zaidi: hatari ikishaonekana kwenye umbo, umbo hurekebishwa mapema, wakati dawa ingali mchoro.

Kwa hiyo onyo la kompyuta si hukumu. Lingekuwa hukumu, parasetamoli isingekuwepo dukani. Kipimo na muda wa kutumia dawa huamua mengi, na hapo bado panahitajika wataalamu, maabara na majaribio.

Moyo nao huchunguzwa mapema sana. Seli zake zina vitundu vya kupitishia potasiamu, viitwavyo hERG, na dawa ikiviziba mapigo huweza kuvurugika ghafla. Terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Leo viwanda hukagua kwa kompyuta molekuli nyingi kuona zipi zinaelekea kuviziba, kabla ya kugharamia kuzitengeneza. Hata sheria zimeanza kufuata: mwongozo wa kimataifa ICH M7 wa mwaka 2014 unakubali programu mbili za aina tofauti zitumike kukadiria kama uchafu uliobaki ndani ya dawa unaweza kuharibu jeni.

Lakini kompyuta inayosoma molekuli peke yake humpa kila binadamu jibu lile lile, na damu zetu hazifanani. Hapa Pwani, kuanzia Lamu hadi Malindi na kwingineko, wako watu wengi waliorithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa kuwa upungufu huo huwapa kinga kiasi dhidi ya malaria. Mwaka 2003 ilisajiliwa dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na kiungo kiitwacho dapsoni. Baadhi ya wagonjwa wenye upungufu huo chembe zao nyekundu zilivunjika kwa sababu yake, na mwaka 2008 dawa ikaondolewa. Programu ambayo haikufundishwa kwa taarifa za watu kama hawa haiwezi kuwakumbuka, na hilo linatuhusu moja kwa moja.

Ukidhurika na dawa, mwambie daktari au muuza dawa, au peleka ripoti mwenyewe kwa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Taja jina la dawa, kipimo, siku madhara yalipoanza, na vingine vyote ulivyokunywa, hata kama ni mwarobaini. Ripoti za nchi wanachama hukusanywa katika hazina ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Uppsala, Uswidi, na kumbukumbu za aina hiyo ni miongoni mwa zile watafiti wanazotumia kuzifundisha programu mpya.