Sauti Ikichelewa Biti, Kagua Kompyuta Kwanza

Binti mmoja wa kwaya aliniletea wimbo aliourekodi mwenyewe chumbani kwake. Biti alinunua kwa prodyuza, sauti akaingiza kwa laptopu. Kila mstari uliingia nyuma ya biti, naye alishaanza kuamini hajui kushika mapigo. Niliposikiliza mara ya pili nikabaini kwamba anachelewa kwa kiasi kilekile, mwanzo hadi mwisho. Asiyejua mapigo huwahi hapa, akachelewa pale. Nikaishika traki ya sauti, nikaivuta kushoto kidogo kwenye skrini ili iwahi, wimbo ukakaa. Kumbe alirekodi akiwa na hedifoni za Bluetooth.

Hedifoni hizo zinaweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Biti inamfikia mwimbaji imechelewa, yeye anaifuata vizuri tu, na maiki inanasa kile alichofuata. Kwa hiyo kurekodi ni hedifoni za waya, tena zile zinazofunika sikio lote. Zilizo wazi huvujisha biti hadi kwenye maiki, na ukija kubadilisha biti, ile ya zamani utaisikia chini ya sauti yako.

Kuna kuchelewa kwingine kunakotoka ndani ya kompyuta. Sauti yako ikipita kwenye programu kabla ya kukurudia sikioni, inasubiri kwenye bafa, yaani foleni ambamo kompyuta hukusanya sauti kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 1024 (sampuli ni vipande vidogo vidogo ambavyo kompyuta hugawa sauti), ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 hivi kuingia na nyingine kama hizo kutoka. Unajisikia kama kuna mtu anakufuatisha, na bila kujua unaanza kuvuta maneno. Ishushe hadi 128 wakati wa kuimba, na uipandishe tena wakati wa kuchanganya sauti, maana hapo kompyuta inahitaji nafasi ya kupumua. Ukiwa na intafesi, yaani kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, hata ndogo kama Focusrite Scarlett Solo, washa kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja na unyamazishe traki yako kwenye programu. Intafesi hiyo ndiyo pia inayotoa volti 48 ambazo maiki nyingi za kondensa, zile za studio zinazohitaji umeme, hazifanyi kazi bila hizo.

Programu ya kurekodia isikuumize kichwa. Mimi natumia Reaper kwa sababu ni nyepesi hata kwa mashine kuukuu, na wanakupa siku 60 za kuijaribu. Cha muhimu ni kumwomba prodyuza faili la WAV, ambalo sauti yake haijabanwa, badala ya MP3, akutajie na mapigo kwa dakika. Ukiyaandika kwenye programu kabla ya kuanza, kibwagizo ulichoimba vizuri mara moja unaweza kukinakili mahali pengine kikaangukia palepale.

Chumba ndicho kinachonipa shida kuwaeleza watu. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele. Ni karatasi nyepesi, sauti inapita. Kinachosaidia ni uzito na unene: godoro, blanketi, mapazia mazito. Wengi huvitundika mbele yao, nyuma ya maiki, ilhali maiki nyingi za kuimbia zinasikia zaidi upande unaokuelekea wewe. Kwa hiyo ukuta ulio nyuma ya mgongo wako ndio unaorudisha mwangwi ndani ya maiki. Tundika blanketi hapo. Zima feni na friji, na ukisikia mvumo, chomoa chaja urekodi kwa betri. Simama kama sentimita 15 au 20 kutoka kwenye maiki, na pale unapoimba kwa nguvu zaidi kipimo cha sauti kwenye programu kiishie kati ya desibeli −12 na −6.

Yule binti alirudia usiku, kwa hedifoni za waya, mgongo kwenye kabati lililofunguliwa limejaa nguo. Aliponiletea, sikusogeza mstari hata mmoja.