Dodoma si kahawia tupu

Dhana: Dodoma ni kavu, mchoraji atapata nini huko zaidi ya vumbi?

Hili nimeambiwa na watu wa Dar mara nyingi, tena kwa huruma. Ukweli ni kwamba ukavu ndio unaonoa jicho. Toka asubuhi mwezi wa tisa, kaa mbele ya mbuyu usio na jani hata moja. Gome ulilodhani ni la kijivu lina waridi na zambarau iliyofifia, na pale lilipochunwa kamba zamani pana kovu la rangi ya chai ya maziwa. Mvua za Desemba zikishika, kilima kilekile kinageuka kijani ndani ya wiki chache. Anayechora kwa kukisia, mlango umefungwa, hupaka kahawia moja akaona kamaliza.

Dhana: Picha ya simu inatosha, hakuna haja ya kwenda kuchorea nje.

Inasaidia, sikatai. Ila kwa jua la saa saba mchana simu hufanya kivuli kuwa shimo jeusi. Tazama mwenyewe chini ya mti: kivuli kilicholala juu ya udongo mwekundu kinaelekea zambarau, kwa kuwa bado kinapata mwanga wa buluu wa anga. Halafu kuna upepo. Rangi ya akriliki inakukaukia kabla hujachanganya ya pili, basi mkono unajifunza kuacha kusitasita.

Dhana: Kuchorea nje ni mambo ya Wazungu.

Panda Kolo, Kondoa, kisha uniambie. Eneo lile lina miamba zaidi ya 150 yenye michoro ya kale, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wapo twiga, pofu (wale swala wakubwa), na watu warefu wembamba kama mabua. Wako wanaoapa kwamba wekundu ule ni damu. Hapana, ni udongo wenye chuma kilichoshika kutu, ndugu wa huohuo unaochafua viatu vyako. Michoro myeupe ni ya baadaye. Mimi hurudia kutazama shingo za wanyama: aliyezichora aliwaona kwa macho yake, tena si mara moja.

Dhana: Bila Serengeti huna cha kuchora.

Majabali ya pembeni mwa mji yanatosha. Beba kofia na maji, na mwombe ruhusa mwenye shamba kabla hujakaa. Mimi siku moja sikuomba, nikakaa kimya karibu na zizi nikichora pembe za ng'ombe. Nilizungukwa na vijana watatu wenye fimbo, ikabidi daftari linitetee.