Ndege ikikata kona juu ya ukungu wa Songwe, rubani hajapotea jamani

Mliowahi kutua asubuhi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, mnaujua ule ukungu. Ndege imeshafika, chini ni weupe mtupu na ncha za milima, halafu inaanza kukata kona, inarudi, inakata tena, na huko nyuma minong'ono inaanza "huyu kapotea". Hajapotea. Kapangiwa na waongoza ndege sehemu ya kusubiri na anaizunguka kwa vipimo, ananyoosha dakika 1, anageuka, anarudi dakika 1, anageuka tena, na kila kugeuka nako kunakula kama dakika 1 kwahiyo raundi nzima dakika 4 hivi. Ikiwa juu ya futi 14,000 ananyoosha dakika 1 na nusu. Shepu yake ni kama uwanja wa riadha, siyo duara. Kama kuna mwenzake anasubiri palepale basi wanapishana futi 1,000 juu na chini.

Na la mafuta, eti anazunguka mpaka tanki likauke, hapana. Injini za jeti na hizi tunazoziita pangaboi lazima zibaki na akiba ya mwisho ya dakika 30, tena mbali na mafuta ya kwenda uwanja mwingine. Mafuta yakikaribia kubaki hayo mawili tu, anageuza kwenda huo uwanja mwingine.

Sasa wadogo zangu mnaosomea urubani, hapa ndo wengi mnachanganyikiwa. Ukiambiwa "subiri kusini mwa fiksi, radiali 180" (fiksi ni ile alama ya kusubiria, radiali ni mstari unaotoka kwenye alama kwa digrii za dira, 180 ni kusini) usidhani unaifuata fiksi pua ikiangalia kusini! Kusini ndo unakokaa, ila ukiwa unaifuata fiksi unaelekea kaskazini, digrii 360. Chukulia pale Mbeya Mwanjelwa ndo fiksi, Uyole iko upande mmoja na Mafiat upande wa pili: ukiambiwa subiri upande wa Uyole, unakaa huko huko Uyole lakini kila unapokuja Mwanjelwa uso unaangalia Mafiat. Chora kwenye karatasi kabla hujagusa usukani, kweli inasaidia sana.

Kona kama mwongoza ndege hajataja upande ni kulia, siyo chaguo lako, kushoto lazima aseme mwenyewe.

Halafu ile saa mnayopewa na mwongoza ndege mkiambiwa msubiri, tuseme 0420, kwanza ni saa ya kimataifa, huku kwetu ni saa 1 na dakika 20 asubuhi. Pili siyo saa ya kutua, ni saa ya kutegemea maelekezo mengine, na iandike vizuri, maana redio ikikata hiyo ndo itakwambia utoke pale lini.