Je, wajua kwa nini hadithi fupi za Uganda humsema mkubwa kupitia maisha ya mtu mdogo?

Mwaka 2023 Uganda nzima ilizungumza habari za mabati. Yalikuwa yamenunuliwa kwa fedha za umma ili yapelekwe Karamoja, kaskazini-mashariki ya nchi, kwa familia zisizojiweza na kwa vijana waliokubali kuweka bunduki chini na kuacha wizi wa ng'ombe. Mengine hayakufika. Aprili ya mwaka huo mawaziri watatu walipandishwa kizimbani mbele ya mahakama ya kesi za rushwa mjini Kampala, wakakana mashtaka. Magazeti nayo yakaonyesha mabati yenye chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu yakiwa yameezekwa mbali kabisa na Karamoja, juu ya banda la mifugo.

Mpe mwandishi wa habari jambo hilo, atauliza nani alitia saini, mabati mangapi, siku gani. Mpe mchora katuni, atamvisha waziri joho la bati. Lakini ukimpa mwandishi wa hadithi fupi, kuna uwezekano mkubwa kwamba waziri hutamwona kabisa katika hadithi. Utamwona bibi mmoja karibu na mji wa Moroto, huko Karamoja. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili tuelewane.

Mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji, amemwambia bibi kwamba jina lake limo kwenye orodha, na kwamba nyumba ya kuezekwa ni lazima iwe tayari. Bibi ameshusha nyasi kuukuu za paa lake. Mvua zinaanza. Anakwenda kuulizia mabati, anapewa karatasi aweke kidole gumba, kwamba amekwisha kuyapokea. "Mwanangu," anamwambia mwenyekiti, "karatasi yenyewe nisaidie basi niiezeke." Watu waliokusanyika wanacheka, mwenyekiti naye anacheka. Jioni anarudi peke yake na turubai la kwake mwenyewe, anamsaidia bibi kulifunga kwenye nguzo, na bibi anajua bila kuambiwa kwamba mwenyekiti naye aliahidiwa.

Serikali haijatajwa popote, waziri hana jina, na bado msomaji wa Uganda anaijua kila ofisi ambayo karatasi ile imepitia. Kwa nini waandishi wetu wamezoea kwenda njia hii, ya kumfikia mkubwa kwa kupitia kwa bibi?

Jibu linalotolewa haraka ni woga, na historia inalipa nguvu. Kampala ndiko Rajat Neogy alikoanzisha jarida la Transition mwaka 1961, likawa jukwaa la waandishi wa Afrika nzima. Mwaka 1968, wakati wa utawala wa Milton Obote, Neogy na mwanasiasa Abu Mayanja walikamatwa baada ya jarida hilo kuchapisha maoni ya kuikosoa serikali kuhusu katiba. Chini ya Idi Amin hali ikawa ya kutisha zaidi. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Taifa la Maonyesho, alipeleka kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos, mwaka 1977, mchezo wake wa Kiluganda wenye nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, unaohusu njama za madaraka katika ufalme. Aliporudi nyumbani alikamatwa, akauawa. Mwandishi wa michezo Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi walikuwa wamechukua njia nyingine: walipunguza maneno jukwaani, wakaacha mwili, ngoma na wimbo viseme, kwa sababu ngoma haina sentensi ambayo mpelelezi anaweza kuinakili.

Karne mpya nayo ina orodha yake. Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, alihukumiwa miezi 18 gerezani mwaka 2019 kwa shairi kuhusu Rais Museveni aliloliweka Facebook, na hukumu hiyo ikatenguliwa Februari 2020. Miezi miwili baadaye mwandishi Kakwenza Rukirabashaija akakamatwa na kuhojiwa kuhusu riwaya yake ya kejeli. Alikamatwa tena mwishoni mwa 2021, safari hii kwa maneno aliyoandika Twitter, akaeleza kwamba aliteswa, na Februari 2022 akakimbilia nje ya nchi.

Kwa hiyo woga upo, na una sababu. Ila mimi sikubali kwamba ndio jibu lenyewe. Itazame kesi ya Kakwenza: riwaya yake haikumtaja mtawala yeyote kwa jina, na bado alikamatwa. Fumbo halikumkinga. Mchezo wa Kawadwa ulikuwa fumbo vilevile. Kama mtu mdogo angewekwa katika hadithi kwa ajili ya kumficha mwandishi tu, waandishi wangekuwa wameiacha mbinu hii zamani, maana maficho yake yanajulikana na kila afisa usalama aliyesoma fasihi darasani.

Sababu ninayoiona kuwa ya kweli ni hii: nchini Uganda siasa haibaki bungeni. Inakuja mpaka mkononi, tena kwa kipimo kidogo kidogo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wakati huohuo ikaja kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, ambayo baada ya malalamiko mengi ilipunguzwa mwaka huohuo ikawa nusu asilimia, kwa anayetoa pesa tu. Asilimia 1 ukiisoma kwenye gazeti ni tarakimu. Sasa mfikirie mama wa Busia aliyetumiwa shilingi 20,000 na mwanawe anayeendesha boda boda Kampala. Anasimama mbele ya kibanda cha wakala. Kuna makato ya kampuni, na juu yake shilingi 200 za serikali. Amekwisha kupiga hesabu ya dawa na ya nauli ya kurudi nyumbani, na hesabu ile haikuwa na nafasi ya 200. Anamwomba wakala amwongezee. Wakala, kijana anayelipwa kamisheni ndogo, anasema, "Mama, si mimi, ni system." Hapo tayari una hadithi fupi nzima: serikali, maskini, na kijana katikati anayebeba lawama ya sheria ambayo hakuitunga.

Miezi michache kabla ya kodi hiyo, Oktoba 2017, kila mbunge alikuwa amewekewa shilingi milioni 29 ili akazungumze na wapiga kura kuhusu muswada wa kuondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Piga hesabu: mtu anayelipa shilingi 200 kila siku, bila kukosa hata Jumapili, angehitaji miaka karibu 397 kufikisha posho ya mbunge mmoja. Mwandishi wa insha ataiandika hesabu hiyo kama nilivyoiandika mimi, na msomaji atakasirika hadi saa ya chai. Mwandishi wa hadithi atamweka mbunge amlete mama yule sukari na sabuni ya mche kwenye mkutano wa "mashauriano", na mama atazipokea kwa mikono miwili, atapiga magoti kwa heshima kama desturi inavyomtaka, na atakuwa anajua kila kitu. Msomaji hataweza kumcheka mama, na hataweza kumsamehe mbunge.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapoielewa kejeli vibaya. Wanadhani huruma huilainisha, kana kwamba mwandishi anayemhurumia mtu mdogo amepunguza makali kwa mkubwa. Kazini mambo huenda kinyume. Kejeli isiyo na huruma humdhihaki mwenye nacho leo, kesho ikamgeukia asiye nacho: anayeuza kura yake kwa kilo ya chumvi, anayeimba kwenye mkutano wa chama akiwa amevaa fulana ya bure, shangazi anayeamini ahadi ile ile kila baada ya miaka mitano. Hao ni rahisi sana kuchekwa, na wako wanaowacheka. Mwandishi mzuri huuliza fulana ile ilisitiri nini. Mara nyingi jibu ni kwamba hiyo ndiyo nguo mpya pekee aliyoipata mwaka ule.

Mizizi ya namna hii ya kuandika haiko katika hadithi fupi peke yake. Wimbo wa Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, ni malalamiko ya mke wa Kiacholi dhidi ya mumewe msomi, Ocol. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba ni ubishi wa mila na usasa, wakaishia hapo. Lakini kuna sehemu ya siasa, na kwangu ndiyo inayochoma zaidi. Ocol ni mtu wa chama cha DP, nduguye yuko upande wa Congress, chama pinzani, na uhuru umekwisha kupatikana. Lawino hajui ilani ya chama chochote. Anachokiona ni kwamba ndugu wawili wa tumbo moja sasa hawaketi pamoja, na kwamba yeye mwenyewe amekatazwa kuzungumza na shemeji yake. Anawatazama wanasiasa na kuona kwamba tumbo ndilo linalowasukuma kuingia vyamani. Anasema hivyo akiwa mke, mama na shemeji, mtu ambaye siasa imemharibia ukoo. Ukimwondolea ukoo wake, maneno yake yangebaki hotuba ya jukwaani.

Baada ya hapo wengine waliendelea kuitazama historia kutoka uani. Chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kilianzishwa Kampala mwaka 1995, na wanawake waliotokea humo wameandika mengi kuhusu vita, ukimwi na ndoa bila kumsogeza mtoto au bibi pembeni ili jenerali apite. Goretti Kyomuhendo, katika Waiting, riwaya yake ya 2007, alielezea miezi ya mwisho ya Amin kupitia familia moja ya kijijini inayongojea: inangojea wanajeshi wanaokimbia, inangojea kujifungua, inangojea usiku upite. Amin mwenyewe hana haja ya kuingia chumbani. Monica Arac de Nyeko alipopata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2007, na Jennifer Nansubuga Makumbi alipopata tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014, wasomaji wa nje walianza kuona kitu ambacho hapa kilikuwepo tayari.

Kuna mtu mmoja mdogo ambaye bado hapewi haki yake, na ningependa waandishi wetu wakae naye zaidi. Ni askari. Katika hadithi nyingi yeye ni rungu tu, au ni mkono unaonyooshwa dirishani kuomba "kitu kidogo". Wanaoteseka mikononi mwake hawana sababu ya kumwonea huruma, na sitaki hadithi iwaombe wamsamehe. Lakini nendeni mkaone makazi ya polisi Kampala, vile vibanda vya duara vya bati wanavyoviita yuniporti, ambamo baba, mama na watoto huishi pamoja, mchana joto likiwaka ndani kana kwamba bati limewekwa jikoni. Askari aliyetumwa kuwatawanya vijana wanaopinga bei ya vyakula ametoka humo asubuhi, na mkewe ananunua unga ule ule kwa bei ile ile. Hadithi inayomleta huyo mbele yetu inauliza swali gumu kuliko "nani mbaya?" Inauliza amri ilitoka wapi, na ilishuka ngazi ngapi kabla ya kumfikia mtu asiyeweza kuikataa.

Kwa sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili Uganda, swali hilo lina uzito wake. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za mkoloni. Wakati wa Amin kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani. Aprili 1979 askari wa Tanzania waliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na lugha ile ile sasa ikatoka vinywani mwa waliokuja kumwondoa. Miaka michache baadaye ikaja misako ya wanajeshi, ya kuwazoa watu na kuwapakia magarini, ambayo watu wa Kampala wa umri fulani bado wanaiita "panda gari". Ndiyo maana katika hadithi nyingi za Waganda zilizoandikwa kwa Kiingereza, mhusika hubadilisha lugha pale tu bunduki inapotokea. "Afande, mimi mama tu," anasema, na baada ya hapo Kiswahili kinanyamaza mpaka kizuizi kingine.

Tangu mwaka 2005 katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Hadithi fupi za Waganda kwa Kiswahili bado ni chache, ilhali wenye uwezo wa kuziandika wapo: katika miji kama Bombo, Busia na Arua, na katika masoko ambako mama huomba punguzo, husuluhisha ugomvi wa wateja na kumwita mwanawe kwa lugha hiyo hiyo. Humo Kiswahili cha askari hakitakuwa sauti ngeni ya kizuizini. Mama atamjibu kwa lugha anayoijua vizuri kama yeye, pengine vizuri zaidi, na atamuuliza mama yake ni nani na anatoka wapi.