Mwalimu hapimwi kwa kilo

Katika chuo kimoja cha ualimu nilichowahi kufundisha, siku ya kupokea wanachuo wapya mizani iliwekwa kwenye baraza ya zahanati. Ilikuwa ile ile ya kupimia magunia ya maharage. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na fomu yake ya afya mkononi, na muuguzi akitaja kilo kwa sauti ili karani aandike. Zamu ya binti mmoja ilipofika ikasikika "Themanini na mbili!" Foleni ikaguna. Kijana mmoja akauliza kama shule atakazopangiwa zina milango mipana. Binti akacheka pamoja nao. Jioni alikuja ofisini kwangu kuuliza kama ada hurudishwa.

Ninafundisha elimu ya viungo kwa walimu tarajali, na swali la wazazi ni hilo hilo kila mwaka: je, mtoto wangu anaweza kukataliwa ualimu kwa sababu ya unene?

Tuitazame kwanza hiyo namba. Kipimo cha BMI hugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti yule ana mita 1.60, kwa hiyo 82 kwa 2.56, jibu 32. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 30 kuwa unene uliokithiri. Lakini hesabu hii ilibuniwa na Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa tabibu. Haitofautishi msuli na mafuta, wala haijui kama mtu amejifungua mwaka jana au anatumia dawa zinazoongeza uzito. Sifichi kwamba unene huo huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Ila hayo ni mazungumzo ya mtu na daktari wake, na wembamba nao huugua presha.

Darasani mambo ni mengine. Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliwakagua wawili siku moja, shule moja, darasa la tatu lenye watoto zaidi ya 80 na mpira mmoja. Wa kwanza, kijana mwepesi kama swala, alikimbia, akaruka, akapiga danadana. Watoto walimpigia makofi wakiwa wamekaa kwenye nyasi karibu kipindi kizima. Wa pili alikuwa binti wa kilo 82. Aligawa watoto makundi manne kwa vizibo vya soda, kundi moja kwa mpira, la pili kwa kamba ya katani, la tatu kuruka mistari aliyoichora kwa jivu, la nne kurushiana mpira wa maganda ya migomba. Kila filimbi, makundi yanabadilishana. Alihema, ndiyo, na nikamshauri aende kliniki apimwe presha. Ushauri huo sikuuandika kwenye fomu ya alama.

Jambo hili linazidi kutugusa Uganda, kwa kuwa mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeifanya elimu ya viungo kuwa ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sambamba na Kiswahili. Si ajabu mwalimu wa Kiswahili akakabidhiwa filimbi.

Sheria inasemaje? Ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake, ukiwemo ulemavu. Uzito haumo kwenye orodha. Hata hivyo, sheria ya 2007 iliyounda Tume ya Fursa Sawa inataja pia hali ya afya, na sheria ya 2019 ya ulinzi wa taarifa binafsi inaziweka taarifa za afya katika kundi la pekee. Kwa maoni yangu, kutangaza kilo za mtu barazani kunapingana na sheria hiyo ya pili moja kwa moja.

Ujerumani walishalivuka daraja hili. Huko walimu wanene walikuwa wakinyimwa ajira ya kudumu serikalini kwa hofu kwamba wangestaafu mapema kwa maradhi. Mwaka 2013 mahakama kuu ya masuala ya utawala ilisema hofu tu haitoshi. Lazima kuwe na ushahidi kwamba mtu huyo, yeye mwenyewe, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kazi kabla ya umri wa kustaafu.

Chuo kikitaka kupima ukakamavu, kipime kazi: kusimama na kufundisha vipindi viwili mfululizo, kumwelekeza mtoto aonyeshe zoezi ambalo mwalimu halifanyi, kumhudumia aliyeteguka uwanjani. Uzito upimwe ndani, mlango umefungwa, na muuguzi aandike mwenyewe.

Nawe mzazi, ukiambiwa mwanao hafai kwa sababu ya mwili wake, usibishane getini. Omba sababu hiyo kwa maandishi, yenye sahihi, ikitaja kanuni iliyotumika. Tunza nakala ya fomu ya afya. Kwa karatasi hizo mbili unaweza kufungua malalamiko katika Tume ya Fursa Sawa.