Mteja Wako Anaamua Wapi? Kuchagua Mtandao wa Kujijengea Jina Ukiwa Arusha au Moshi

Wanaonijia kutaka ushauri wa kujijengea jina mtandaoni, karibu wote huanza na swali moja: "Kaka, niingie TikTok au Instagram?" Huwa siwajibu papo hapo. Nataka kwanza kujua nani atakulipa, na siku anapoamua kukulipa anakuwa anatazama nini kwenye simu yake. Ukishayajua hayo mawili, kuchagua mtandao kunakuwa kazi ndogo.

Chukua mwongoza watalii wa Kilimanjaro. Mteja wake yuko Ujerumani au Marekani, na safari ya mlimani si kitu cha kuamuliwa jioni moja. Msimu mkubwa wa kupanda ni wa Juni hadi Oktoba, kisha kuna ule wa Desemba hadi Februari. Mgeni wa Julai mara nyingi ameanza kusoma na kutazama video miezi mingi kabla. Anataka kujua njia ya Machame na ya Lemosho zinatofautianaje, baridi ya usiku wa kuelekea kileleni ikoje, na mwili wake utafanyaje akikaribia mita 5,895. Maswali hayo anayaandika Google na YouTube. Kampuni ya Google iliinunua YouTube mwaka 2006, na video za YouTube hujitokeza hata kwenye majibu ya Google yenyewe. Kwa hiyo video moja ya dakika nane, wewe mwenyewe ukieleza kwa utulivu kwa nini kupanda kwa siku saba au nane humpa mtu nafasi nzuri ya kuzoea hewa nyepesi kuliko siku tano, inaweza kukuletea wageni hata miaka miwili baadaye.

Klipu ya TikTok ya wapagazi wakiimba kambini inaweza kutazamwa na watu wengi sana ndani ya wiki moja. Lakini wengi wao ni Watanzania wenzetu wanaofurahia wimbo, hawatafuti mwongozaji. Siidharau TikTok hata kidogo. Nasema tu kwamba kwa mtu huyu si pa kuanzia. Na ukipiga picha, waombe ruhusa wapagazi unaowaonyesha, na ufuate taratibu za hifadhi: kurusha droni bila kibali kunaweza kukuharibia kazi uliyoijenga kwa miaka.

Kuna jambo ambalo waongozaji wengi hawalitumii. Wengi hupanda kwa niaba ya kampuni, na mgeni akirudi kwao huandika maoni Tripadvisor au Google kwenye ukurasa wa kampuni, akimtaja mwongozaji kwa jina. Jina hilo ndilo mtaji wako. Msomaji anayelikuta humo atalitafuta. Kama wageni wanakujua kwa jina la ubatizo, halafu Instagram unatumia jina la utani lenye tarakimu nne nyuma, hatakupata. Tumia jina lilelile kila mahali, na picha ileile ya uso. Kwa kazi hii Instagram ni mahali pa kuhakikiwa: mtu anaingia kuona kama kweli upo na kama kweli unafika mlimani. Picha tisa nzuri za mwanzo kwenye ukurasa wako zinatosha kumtuliza. Mwambie mwajiri wako pia kwamba unajenga ukurasa wako, mkubaliane wageni wa kampuni wanabaki wa nani. Moshi ni mji mdogo, na maneno husafiri.

Sasa mtazame fundi cherehani wa Majengo, palepale Moshi, anayeshona sare za harusi na sendofu. Mteja wake hayuko ng'ambo. Tena si mtu mmoja, ni kamati, na kamati siku hizi inaishi kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya sare ikitupwa humo, muda si mrefu wajumbe wameshasema ndiyo au hapana. Fundi hayumo kwenye kundi hilo, hawezi kujieleza. Kinachomsemea ni picha yake. Kwa hiyo jina lake na namba ya simu viwe juu ya picha yenyewe, maana picha ikishasambazwa mara tatu hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Na bei iandikwe. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inawafukuza wateja wazuri, kwa sababu mhazini wa kamati anataka tarakimu ya kuweka kwenye bajeti leo jioni, na fundi aliyeiandika ndiye anayejadiliwa. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ina katalogi ya bure ya kuweka picha na bei. Stetasi hufutika baada ya saa 24, basi aweke kitu kila siku, hata kitambaa kikiwa bado mezani. Instagram iwe albamu yake, na TikTok kwake inafaa kweli, kwa kuwa wanaoitazama ni walewale watakaokaa kwenye kamati.

Arusha kuna kundi la tatu: wakalimani, wanasheria, wahasibu, wataalamu wa mazingira. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pia. Wanaotafuta wataalamu wa aina hii hupitia LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi na taaluma. Tangu Umoja wa Afrika uidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi, Februari 2022, mkalimani wa Kiswahili ana la kuandika. Makala fupi moja kwa mwezi, kuhusu ugumu wa kutafsiri hukumu kwa mfano, humtangaza kuliko picha thelathini za mikutano akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Facebook sijaisahau. Kwa bwana shamba anayehudumia wakulima wa kahawa na ndizi, makundi ya Facebook na WhatsApp yanatosha kabisa.

X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, ni habari nyingine. Mei 2025 ilizuiwa nchini, na waliokuwa wamejenga jina lao lote humo walijikuta wasomaji wao wa nyumbani hawawafikii tena kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana nawasisitizia wote, mwongozaji, fundi na mkalimani: namba za simu na barua pepe za wateja zihifadhiwe mahali pako, nje ya mtandao wowote, kwa ridhaa yao. Anza na mtandao mmoja, uupe miezi sita, na kila mteja mpya umuulize alikupata wapi. Majibu yaandike kwenye daftari. Yakionyesha kwamba wengi waliletwa na mtandao ambao huuchukulii kwa uzito, hamishia huko muda wako na bando lako.